Safari ya korongoni: Anachofaa kujua mgeni kabla ya kushuka bonde la mto

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini ndani ya korongo la mto methali hiyo ina kasoro moja: mawingu yanayomhusu mtu aliye chini huenda hayaonekani kabisa kutoka pale aliposimama.

Mvua inaweza kunyesha kilomita kadhaa kutoka hapo, jua likiwa linawaka juu ya vichwa vya wageni, na maji yakawafikia kabla ya tone moja kuwaangukia.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayepanga safari ya siku moja korongoni anafaa kulielewa, awe anaenda Hell's Gate karibu na Naivasha, milima ya Uswisi au majangwa ya Marekani. Safari yenyewe ni ya kupendeza na huwavutia vijana, familia, wanafunzi na vikundi vya makanisa. Hata hivyo, imewahi kugeuka kuwa msiba katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Makala haya yanaeleza mchezo huu ni upi, siku yenyewe huwa vipi, mafuriko ya ghafla hutokeaje na ni maswali gani mgeni anafaa kuuliza kabla ya kulipa ada.

Maana ya mchezo

Kushuka makorongo ni kufuata mkondo wa mto kuelekea chini, ndani ya bonde jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili. Mshiriki hutembea juu ya mawe, huvuka maji kwa miguu, huogelea katika vidimbwi, huteleza juu ya miamba laini na, penye maporomoko, hushuka kwa kamba. Baadhi ya makorongo humruhusu kuruka kutoka mwambani hadi majini.

Mchezo huu hutofautiana na kupanda mlima kwa jambo moja kuu. Anayepanda mlima akichoka au akiingiwa na hofu anaweza kugeuka na kurudi alikotoka. Korongoni mambo ni tofauti.

Penye poromoko, kamba hupitishwa katika pete ya chuma iliyokitwa mwambani. Mtu wa mwisho akishafika chini, kamba huvutwa ili itumike mbele. Tangu hapo hakuna kurudi nyuma. Kundi zima hulazimika kuendelea hadi mahali ambapo korongo linapanuka na kutoa njia ya kutokea.

Kuna makorongo yenye maji mwaka mzima na mengine ambayo huwa makavu au yenye kijito chembamba tu kwa miezi mingi. Haya ya pili ndiyo humhadaa mgeni kwa urahisi zaidi, kwa sababu anapoyaona makavu hudhani kwamba hayana mto.

Chimbuko lake

Kabla ya kuwa burudani, kazi ya kupita ndani ya makorongo ilikuwa ya wawindaji, wachungaji na wachunguzi wa ardhi. Mwaka wa 1905, Mfaransa Édouard-Alfred Martel aliongoza msafara uliopita katika korongo la Verdon, kusini mwa Ufaransa, na safari hiyo hutajwa mara nyingi katika historia ya mchezo huu.

Baadaye, maeneo kama vile milima ya Guara nchini Uhispania na kisiwa cha Réunion katika Bahari Hindi yalipata sifa miongoni mwa wapenzi wa makorongo. Nchini Afrika Kusini mchezo huu huitwa kloofing, kutokana na neno la Kiafrikana lenye maana ya korongo.

Nchini Kenya, safari inayojulikana na wengi si ile ya kamba ndefu na maporomoko, bali ni matembezi ya kuongozwa ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate. Kwa hivyo, korongo hili ndilo mfano bora kwa msomaji wa humu nchini.

Korongo la Ol Njorowa

Mbuga ya Hell's Gate ilianzishwa mwaka wa 1984. Ina ukubwa wa takriban kilomita 68 mraba na iko kusini mwa Ziwa Naivasha, umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila kulazimika kukaa ndani ya gari.

Wapelelezi Gustav Fischer na Joseph Thomson walipita katika eneo hili mwaka wa 1883, na jina la Fischer limebaki katika mnara wa mwamba ulio karibu na lango la Elsa. Masimulizi ya Wamaasai nayo husema kwamba mnara huo ni msichana aliyekuwa akienda kuolewa, akakatazwa asitazame nyuma, akatazama na kugeuka jiwe.

Korongo lenyewe ni kazi ya maji na volkano. Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina zaidi kuliko lilivyo leo, na maji yake yalipata njia ya kutokea upande wa kusini. Maji hayo yakachimba tabaka za majivu na mawe ya volkano hadi yakafanya mfereji mwembamba wenye kuta ndefu.

Ziwa lilipopungua, mto huo mkubwa ukatoweka. Kilichobaki ni korongo, vijito vidogo na chemchemi za maji moto, kwa sababu ardhi ya Olkaria ingali ina joto kubwa chini yake. Joto hilo ndilo huzalisha umeme katika mitambo iliyo ndani na kandokando ya mbuga, ambayo ya kwanza ilianza kazi mwaka wa 1981.

Kuta za Ol Njorowa zimechongwa na maji zikawa na mikunjo na michirizi ya rangi ya kahawia, manjano na kijivu. Sehemu nyingine ni nyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono yote miwili hugusa kuta za pande zote. Sura hiyo iliwavutia hata watengenezaji filamu wa Marekani, walionasa hapa baadhi ya matukio ya filamu ya Lara Croft iliyotolewa mwaka wa 2003.

Siku yenyewe ilivyo

Wageni wengi huwasili asubuhi, hulipa ada kwa njia ya kidijitali na kuingia mbugani kwa baiskeli au kwa gari. Njiani hupita makundi ya pundamilia, swala, kongoni, twiga na ngiri. Nyati nao wamo, na ndio sababu mwendesha baiskeli hushauriwa asiache barabara.

Mwishoni mwa safari hiyo ya kilomita kadhaa ndipo kilipo kituo cha askari wa wanyamapori, na karibu nacho njia ya kuteremka korongoni. Hapo mgeni hukutana na mwongozaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa jamii ya Wamaasai wanaoishi jirani na mbuga.

Kuteremka kwenyewe huhitaji mikono na miguu. Kuna mahali mgeni huketi na kujiburura, mahali hushika kamba au mzizi, na mahali mwongozaji huweka mguu wake mwambani ili uwe ngazi ya anayemfuata.

Chini, hewa hubadilika. Jua hupungua, sauti hurudi kwa mwangwi, na harufu ya kiberiti husikika karibu na chemchemi. Maji hutiririka ukutani, mengine baridi, mengine ya vuguvugu na mengine moto wa kuunguza. Mgeni hafai kutia mkono katika maji ambayo mwongozaji hajayajaribu.

Katika makorongo ya maporomoko makubwa, siku huanza kwa namna tofauti. Kila mshiriki hupewa suti ya mpira ya kuzuia baridi, kofia ngumu na mkanda unaofungwa kiunoni na mapajani. Kisha wote hufunzwa jinsi ya kuketi kwenye kamba, miguu ikiwa imetengana na mgongo ukiwa umeegemea nyuma, kabla ya kujaribu ukuta mfupi.

Mafunzo haya si ya kupoteza wakati. Ndiyo humwezesha mwongozaji kutambua nani ana hofu ya urefu, nani hajui kuogelea na nani anajifanya anajua.

Kuruka majini huwa na kanuni zake. Kina cha kidimbwi hupimwa upya kila siku, kwa sababu mchanga, mawe na magogo husukumwa na maji kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kidimbwi kilichokuwa na kina cha kutosha wiki iliyopita huenda leo kina jiwe chini yake. Anayeruka hutanguliza miguu wala hatangulizi kichwa.

Mafuriko ya ghafla hutokeaje?

Wengi hudhani kwamba mafuriko ni maji yanayopanda polepole kama bafu linalojazwa. Mafuriko ya korongoni hayaji hivyo. Huja kama ukuta.

Hesabu ndogo inaweza kufafanua jambo hili. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya eneo la kilomita tano mraba, maji yanayoanguka ni mita za ujazo 100,000, yaani lita milioni 100. Hata kama nusu yake itanywewa na ardhi, lita milioni 50 zitatafuta njia ya kushuka.

Katika uwanda mpana, maji hayo yangetandazwa yakawa kina cha kufunika viatu. Yakiingia katika mfereji wenye upana wa mita chache, hayana pa kwenda ila juu na mbele.

Ardhi nayo huchangia. Udongo mkavu uliogandamana, mwamba mtupu na miteremko iliyokatwa miti haunywi maji kwa haraka. Katika maeneo yenye majivu ya volkano, maji hubeba udongo mwingi na kuwa mazito kama uji, na uzito huo huyaongezea nguvu za kung'oa mawe na miti.

Nguvu ya maji huongezeka kuliko mwendo wake. Mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya kufika kifundoni yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na maji ya kina cha sentimita 60 yanaweza kulibeba gari dogo.

Kwa sababu hiyo, kujua kuogelea hakumsaidii sana aliyenaswa na mafuriko. Hayo si maji ya kuogelea. Ni mchanganyiko wa tope, magogo na mawe unaokwenda kwa kasi katikati ya kuta mbili.

Mikasa iliyoacha funzo

Agosti 12, 1997, watalii 11 walifariki katika korongo la Antelope, jimbo la Arizona nchini Marekani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali na pale, juu ya mkondo, na maji yakawafuata wakiwa chini. Mwongozaji wao alinusurika. Baada ya mkasa huo, ngazi za chuma zilikitwa korongoni na utaratibu wa kutoa tahadhari ukaimarishwa.

Miaka miwili baadaye, Julai 27, 1999, watu 21 walikufa katika kijito cha Saxetenbach karibu na mji wa Interlaken, Uswisi. Miongoni mwao walikuwa watalii 18 na waongozaji watatu. Walikuwa katika safari ya siku moja ya kushuka korongo iliyoandaliwa na kampuni, na dhoruba ilikuwa imepiga juu ya bonde.

Kesi ilifuata. Mnamo Desemba 2001, mahakama iliwapata watu sita na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe na ikawapa vifungo vya nje pamoja na faini. Uswisi hatimaye ilitunga sheria ya kusimamia waongozaji wa milimani na kampuni za michezo ya hatari, ikiwemo kushuka makorongo, nayo ikaanza kutumika Januari 2014.

Nchini Kenya, Jumapili ya Aprili 22, 2012, vijana wa kanisa waliokuwa wamezuru Hell's Gate walikumbwa na mafuriko ndani ya korongo la Ol Njorowa. Saba kati yao walifariki.

Septemba 14, 2015, watu saba waliangamia katika korongo la Keyhole, mbuga ya Zion nchini Marekani. Agosti 20, 2018, mafuriko katika korongo la Raganello, kusini mwa Italia, yaliwaua watu 10.

Kisha, Jumapili ya Septemba 1, 2019, maji yakarudi Ol Njorowa. Watu saba walisombwa na kufariki, mmoja wao akiwa mwongozaji wa eneo hilo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lililifunga korongo baada ya mkasa huo.

Tarehe hizo mbili za Kenya zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mkasa wa 2012 ulitokea Aprili, katikati ya mvua ya masika, wakati ambapo kila mtu hutarajia mito kufurika. Ule wa 2019 ulitokea mwanzoni mwa Septemba, wakati ambao si wa masika wala wa vuli.

Kwa hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Ni kweli kwamba miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba huhitaji tahadhari zaidi. Lakini mvua moja ya alasiri, katika mwezi wowote, yatosha kulijaza korongo.

Kazi ya mwongozaji

Wapo wageni wanaomchukulia mwongozaji kama mtu wa kubeba mikoba na kupiga picha. Kazi yake ni nzito kuliko hiyo.

Mwongozaji mzuri huwahesabu watu kabla ya kuteremka na huwahesabu tena kila baada ya kipito kigumu. Hujua mahali pote ambapo mtu anaweza kupanda na kutoka, na huwaonyesha wageni mahali hapo wakiwa bado watulivu. Huwa na kamba, dawa za huduma ya kwanza na filimbi. Kundi likiwa kubwa, mmoja hutangulia na mwingine hufunga msafara.

Zaidi ya yote, huwa na ujasiri wa kusema hapana. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Wageni wamesafiri kutoka mbali, wamelipa na wana kiu ya kuona. Mwongozaji naye hulipwa akiingia, halipwi akikataa. Mgeni anayemshinikiza aendelee huku mawingu yakikusanyika humweka katika mtego ambao huenda ukawanasa wote wawili.

Aidha, kifo cha mwongozaji mwaka wa 2019, sawa na vifo vya waongozaji watatu kule Uswisi, huonyesha kwamba ujuzi wa aliye ndani una mipaka. Awe mwenyeji kiasi gani, aliye chini ya kuta ndefu haoni zaidi ya ukanda mwembamba wa mbingu. Anahitaji jicho jingine nje ya korongo.

Jicho hilo ni mtu aliye juu ya mkondo, au kifaa cha kupima maji, pamoja na njia ya kuaminika ya kupasha habari. Simu ya mkononi si njia ya kutegemewa, maadamu kuta za mawe huzuia mawimbi. Redio za mawasiliano na king'ora hufaa zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mgeni ana haki ya kuuliza, na jibu la wazi ni dalili ya kazi safi. Haya ni baadhi ya maswali muhimu:

Je, korongo limefunguliwa leo, na ni nani aliyeamua hivyo? Sehemu za korongo huweza kufungwa wakati wowote kwa sababu za kiusalama, na aliye langoni ndiye mwenye habari za siku hiyo.

Je, mvua imenyesha wapi tangu jana? Swali lisihusu korongo tu, bali eneo lote ambalo maji yake huishia hapo. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ni mwanzo mzuri, lakini neno la wakazi walio juu ya mkondo ni nyongeza muhimu.

Je, nani anaangalia juu ya mkondo, na atatujulisha vipi? Swali hili huulizwa na wachache, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote.

Je, njia za kutokea ziko wapi na zimeachana kwa umbali gani? Kama jibu ni kwamba ipo moja tu mwishoni, mgeni anafaa kujua hivyo kabla ya kuingia.

Je, kila mwongozaji anasimamia watu wangapi? Kundi la watu 40 na mwongozaji mmoja haliwezi kutoka haraka. Walimu, wachungaji na viongozi wa vijana wanapaswa kuligawa kundi hata kama gharama itapanda.

Mavazi na vifaa

Viatu ndivyo vya kwanza. Vinavyofaa ni vyenye soli inayoshika mwamba wenye maji na kamba za kufunga barabara. Malapa hayafai.

Suruali nyepesi inayokauka upesi ni bora kuliko ile ya jinzi, ambayo ikilowa huwa nzito na baridi. Nguo kavu za kubadilisha huachwa garini. Kofia ngumu hufaa hata pasipo maporomoko, kwa kuwa mawe madogo huanguka kutoka juu, wakati mwingine yakiangushwa na nyani.

Maji ya kunywa, chakula kidogo na dawa za binafsi huwekwa katika mfuko mwepesi wa mgongoni ili mikono ibaki huru. Mgeni akivuka maji yaendayo kasi, hufungua mikanda ya kifuani na kiunoni ya mfuko huo ili aweze kuutupa akianguka.

Pombe haina nafasi. Wajawazito, wenye maradhi ya moyo, waliofanyiwa upasuaji karibuni na watoto wadogo wasioweza kujitegemea hushauriwa kubaki juu, ambako mandhari bado ni ya kuvutia.

Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Maji hutoa ishara kabla ya kufika, ingawa muda wake huwa mfupi. Kijito kilichokuwa safi hugeuka rangi ya kahawia. Majani, vijiti na povu huanza kuelea. Upepo wa baridi huvuma ghafla kutoka juu ya mkondo, na mngurumo kama wa lori husikika.

Wakati mwingine kijito hupungua badala ya kuongezeka. Huenda magogo yameziba juu, na yakiachia, maji yote yaliyokusanyika huja kwa pamoja.

Ikionekana hata ishara moja, kundi halifai kusubiri ya pili. Hatua ni kupanda, si kukimbia kufuata mkondo. Hakuna anayeweza kushindana mbio na maji. Mita chache za kwenda juu huokoa kuliko mita 100 za kwenda mbele.

Mikoba, simu na kamera huachwa. Aliyepata mahali pa juu hukaa hapo hata maji yakionekana kushuka, kwa sababu wimbi la pili huweza kufuata. Hakuna anayerudi chini kutafuta kitu kilichosahaulika.

Aliyesombwa katika maji yasiyo na kina kirefu asijaribu kusimama, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe maji humlaza na kumzamisha. Hulala chali, miguu ikitangulia ili ikabiliane na mawe, na kutumia mikono kujisogeza ukingoni.

Walioko juu hupiga simu kwa askari wa mbuga, kwa nambari za dharura 999 au 112, au kwa Shirika la Msalaba Mwekundu kupitia 1199. Habari muhimu ni tatu: mahali, idadi ya watu na wakati walipoonekana mara ya mwisho. Ndiyo maana ni lazima orodha ya majina ya kundi ibaki kwa mtu ambaye hakuteremka.

Korongo na wenyeji wake

Kwa wakazi wa Naivasha na Olkaria, korongo ni chanzo cha riziki. Waongozaji, wakodishaji baiskeli, wauza shanga na wapishi hutegemea wageni. Kila mkasa unapotokea, familia zinazofiwa huomboleza, na wenyeji nao hupoteza kazi kwa miezi mingi.

Kwa hivyo, usalama si jambo linalopingana na biashara. Mgeni anayekubali kurudi nyumbani bila kuteremka, na bado akamlipa mwongozaji sehemu ya haki yake kwa kumwambia ukweli, hufanya iwe rahisi kwa mwongozaji huyo kusema hapana siku nyingine, mbele ya kundi jingine.

Mwamba uliochongwa kwa maelfu ya miaka hautaondoka. Utakuwepo wiki ijayo, mvua ikiwa imekwisha na kijito kikiwa kimerudi kuwa chembamba. Anayeahirisha safari huwa amepoteza siku moja tu.